Jino Linauma na Daktari Yuko Mbali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Dawa za Nyumbani

Maswali yafuatayo huulizwa na wakazi wa jiji la Mwanza na wa mialo na visiwa vya Ziwa Victoria, hasa pale jino linapoanza kuuma usiku, au pale fedha ya matibabu inapokuwa bado haijapatikana. Majibu yanamhusu mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Panapohusu mtoto, mjamzito au mtu mwenye ugonjwa wa kudumu, jambo hilo limetajwa waziwazi.

Kwa nini jino huuma, na kwa nini huzidi usiku?

Ganda la nje la jino, yaani enameli, ni gumu kuliko mfupa na halina hisia. Chini yake kuna dentini, yenye vijitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na katikati kabisa kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Bakteria wanaoishi katika utando unaoganda juu ya meno hula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo inaposhusha pH kinywani chini ya takriban 5.5, ganda huanza kuyeyuka kidogo kidogo. Tundu likifika kwenye dentini, maji baridi na chai ya moto huanza kuchoma kwa muda mfupi. Likikaribia kiini, kiini huvimba ndani ya chumba chenye kuta ngumu kisichoweza kutanuka, na shinikizo hilo ndilo linalomfanya mtu mzima kutembea uani usiku wa manane huku ameshika shavu.

Usiku maumivu huzidi kwa sababu mtu anapolala chali damu huongezeka kichwani na shinikizo ndani ya jino hupanda. Ndiyo maana jambo la kwanza na rahisi kuliko yote, ambalo halihitaji dawa yoyote, ni kuinua kichwa kwa mito miwili au nguo zilizokunjwa, na kuepuka kulalia upande unaouma.

Nianze na nini kabla ya kutafuta dawa?

Anza na usafi. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu, kisha piga mswaki taratibu na upitishe uzi wa meno katikati ya meno yanayouma. Katika mkoa ambao matobolwa, mahindi ya kuchoma, miwa na samaki ni chakula cha kila siku, mara nyingi kinachouma ni kitu kilichonasa: nyuzi za muwa, ganda la punje ya mahindi, au mwiba wa samaki uliozama kwenye ufizi. Mwiba wa sato ukikaa hapo siku mbili tatu ufizi huvimba na kuuma kiasi cha kumfanya mtu aamini kwamba gego lake limeoza. Usichokoe kwa sindano, pini wala njiti ya kiberiti, kwa kuwa ukikosea utausukuma mwiba ndani zaidi na kuacha kidonda. Mwiba usipotoka kwa uzi na maji, mwachie mhudumu wa afya autoe.

Maji ya chumvi yanasaidia kweli?

Yanasaidia, na kwa maoni yangu ndiyo dawa ya nyumbani inayostahili kujaribiwa kwanza, kwa sababu chumvi haikosekani katika nyumba yoyote na madhara yake ni madogo mno. Koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi moja ya maji ya uvuguvugu, shikilia funda la maji hayo upande unaouma kwa takriban nusu dakika, kisha tema. Rudia mpaka glasi iishe, na fanya hivyo mara tatu au nne kwa siku, hasa baada ya kula. Chumvi huvuta majimaji kutoka kwenye ufizi uliovimba, hulegeza mabaki ya chakula na hupunguza kwa muda bakteria waliopo. Haizibi tundu wala haifiki kwenye kiini.

Maji yenyewe yawe yamechemshwa au kutibiwa. Watu wanaoishi kandokando ya ziwa huchota maji na kuyatumia papo hapo, lakini maji mabichi ya ziwa yanaweza kubeba vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo na kichocho, na kinywa chenye kidonda si mahali pa kuyaweka.

Karafuu inatumiwaje, na je, ina hatari?

Karafuu ina historia ndefu na sababu ya kisayansi ya kuaminiwa. Sehemu kubwa ya mafuta yake, kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali iitwayo eujenoli, ambayo hutia ganzi kwa muda na kupunguza uvimbe. Madaktari wa meno wenyewe wameitumia kwa miaka mingi wakiichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda, na harufu ile ambayo wengi huihusisha na chumba cha daktari wa meno ni harufu ya karafuu. Kwa hiyo mtu anayenunua karafuu za Pemba sokoni, zilezile za kutia kwenye pilau na chai, hafanyi jambo la kubahatisha.

Iliyo salama zaidi ni karafuu nzima. Weka punje moja kando ya jino linalouma, acha mate yailainishe, kisha iume taratibu ili mafuta yatoke, na uitoe baada ya dakika chache. Ukitumia mafuta ya karafuu ya chupa, usiyaweke yakiwa matupu. Changanya tone moja au mawili katika kijiko cha chai cha mafuta ya kula, yawe ya alizeti au ya nazi, chovya pamba ndogo, ikamue, kisha iguse jino lenyewe bila kuupaka ufizi wote. Mafuta yasiyochanganywa huchoma ufizi na ulimi, na mtu anayerudia kila saa huishia na kidonda juu ya jino bovu.

Chupa hiyo iwekwe mbali na watoto. Kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu kikimezwa na mtoto mdogo kinaweza kuharibu ini, kuleta degedege na kumpotezea fahamu. Mtoto asipakwe mafuta haya kwenye ufizi hata kama anaota meno.

Niweke kitu baridi au cha moto?

Baridi, na iwe nje ya shavu. Funga vipande vya barafu katika kitambaa au pembe ya khanga, weka shavuni kwa dakika 15 hadi 20, pumzika kwa muda kama huo, kisha rudia. Baridi hubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja. Mwanza haikosi barafu kwa sababu ya biashara ya samaki, lakini ile iliyohifadhia samaki haifai kuwekwa kinywani. Kwa kuweka shavuni, ndani ya kitambaa safi, inatosha.

Kukanda kwa maji ya moto, jambo ambalo wazee wengi hulipendekeza kwa nia njema, huongeza damu mahali palipovimba, na kama kuna usaha maumivu huzidi.

Vipi kuhusu kitunguu saumu, tangawizi, majani ya mpera na mwarobaini?

Kitunguu saumu kikipondwa hutoa alisini, ambayo huua baadhi ya bakteria, lakini kikiachwa kwenye ufizi kwa muda mrefu huunguza kama pasi. Asiyekuwa na kitu kingine anaweza kukitafuna kidogo na kutema. Asikifunge kwenye jino na kulala nacho.

Majani ya mpera ni bora zaidi kwa mtazamo wangu. Chukua majani machanga matano au sita, yaoshe, yachemshe katika kikombe kikubwa cha maji kwa takriban dakika kumi, acha yapoe mpaka yawe vuguvugu, ongeza chumvi kidogo na usukutue. Yana ukakasi unaokaza ufizi, na husaidia hasa pale ufizi unapotoka damu. Tangawizi hutuliza kidogo. Ni salama, ila mtu asitarajie mengi.

Mwarobaini hupunguza bakteria wa kinywani, na kijiti chake kimetumiwa kama mswaki vizazi kwa vizazi. Kusukutua kwa maji ya majani yake na kutema hakuna tatizo kwa mtu mzima. Mjamzito asiyanywe, na mafuta ya mwarobaini asipewe mtoto kabisa kwa kuwa ni sumu kwake.

Limau na ndimu viachwe. Asidi yake huongeza kazi ileile inayofanywa na bakteria.

Nimeambiwa niweke maji ya betri, petroli, ugoro au gongo ili jino life. Ni kweli linakufa?

Kinachokufa kwanza ni nyama iliyolizunguka jino. Maji ya betri ni asidi ya salfuriki, na tone moja linaweza kuunguza ufizi, ulimi na koo, na kumlaza mtu hospitali kwa jeraha baya kuliko lile alilotaka kuliponya. Petroli na mafuta ya taa huunguza vilevile, na yakiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Ugoro hukausha na kuumiza ufizi, na tumbaku ya kuweka mdomoni ni miongoni mwa visababishi vya saratani ya kinywa. Gongo huleta ganzi ya dakika chache kwa kuunguza utando wa kinywa. Kwa kuwa hupikwa bila udhibiti, inaweza kuwa na methanoli inayopofusha na kuua.

Kidonge cha aspirini kilichosagwa na kuwekwa juu ya jino huacha kidonda cheupe kwenye ufizi na shavu. Aspirini hufanya kazi ikimezwa na kufika kwenye damu.

Je, kuna mdudu ndani ya jino anayeweza kutolewa kwa moshi?

Hapana. Jino huoza kwa asidi ya bakteria, ambao hawaonekani bila darubini. Wapo wanaofukiza mbegu za mimea fulani kinywani mwa mgonjwa na kisha kumwonyesha vitu vyeupe vidogo kwenye bakuli. Vitu hivyo havikutoka kwenye jino, na mara nyingi ni sehemu za mbegu zilizopasuka kwa joto. Mgonjwa huondoka akiwa ameridhika, maumivu yakirudi huamini kwamba mdudu mmoja amebaki, na wakati huo tundu lililoweza kuzibwa linaendelea kuchimba.

Dawa za maumivu za dukani zinaruhusiwa?

Zinaruhusiwa, na hakuna ubaya kuzitumia pamoja na maji ya chumvi na barafu. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge viwili vya parasetamoli vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, bila kuzidisha vidonge vinane katika saa 24. Anayezidisha huhatarisha ini lake, na hatari huongezeka akinywa pombe. Ibuprofeni hupunguza pia uvimbe, lakini imezwe baada ya kula, na isitumiwe na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo au mjamzito asiyeelekezwa na daktari.

Antibayotiki ni jambo jingine, na linahitaji kusemwa kwa uzito. Watu wengi hufika duka la dawa muhimu wakaomba amoksilini au vidonge vya rangi mbili, wakameza vinne au sita mpaka maumivu yapungue, kisha wakaacha. Antibayotiki haitulizi kiini kilichovimba. Huhitajika pale maambukizi yanapoenea, yaani panapokuwa na uvimbe wa uso au homa, na hata hapo jino lenyewe bado linapaswa kutibiwa. Dozi za kukatiza huwalea bakteria sugu, ambao siku moja watampata mtoto wako dawa ikiwa haifanyi kazi tena.

Mtoto wangu analia jino. Nifanye nini?

Mtoto anayejua kutema, kwa kawaida kuanzia miaka sita, anaweza kusukutua kwa maji ya chumvi. Barafu kwenye kitambaa inafaa kwa muda mfupi, na parasetamoli ya maji hutolewa kwa kufuata uzito wake. Asipewe aspirini. Wazazi wakumbuke kwamba gego la kwanza la kudumu huota likiwa nyuma ya meno ya utotoni katika umri wa takriban miaka sita bila jino lolote kung'oka, na kwa sababu hiyo wengi huliacha lioze wakidhani litaota jingine. Halioti jingine.

Kwa watoto wachanga kuna jambo linaloumiza moyo. Mtoto anapoharisha na kupata homa, baadhi ya familia huambiwa kwamba ana "meno ya plastiki", na vijimeno vya chonge vilivyo bado ndani ya ufizi huchimbuliwa bila ganzi kwa chuma kisichochemshwa. Vile vyeupe vinavyoonekana ni meno yake ya kawaida yanayokua. Kuvichimbua kumesababisha kutokwa damu nyingi, maambukizi ya damu na vifo, na mtoto anayepona anaweza kuota chonge za kudumu zenye kasoro. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi yenye sukari yanayotolewa zahanati, yaani ORS, pamoja na vidonge vya zinki, na homa yake ipimwe malaria.

Ukanda wa ziwa una tahadhari nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Mwaka 1958 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, alieleza saratani ya taya inayowapata watoto katika maeneo yenye malaria nyingi, na ugonjwa huo hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mtoto, hasa wa umri wa miaka mitano hadi saba, ambaye taya lake linavimba haraka na magego yake yanalegea bila kuoza, asitibiwe kwa majani wala asing'olewe meno kwanza. Apelekwe hospitali mara moja na apewe rufaa ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza, ambako saratani za watoto hutibiwa. Ugonjwa huu hukua ndani ya siku na wiki, lakini huitikia dawa vizuri ukiwahiwa.

Nina mimba, au nina kisukari, au nina selimundu. Kuna tofauti?

Mjamzito anaweza kutibiwa jino, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye nafuu zaidi kwake. Maji ya chumvi na parasetamoli vinatosha kumvusha mpaka siku ya kliniki. Mwenye kisukari asisubiri, kwa kuwa maambukizi ya jino hupandisha sukari na sukari hupandisha maambukizi. Mwenye selimundu, ugonjwa ulioenea sana katika mikoa ya ziwa, anaweza kuumwa taya wakati meno yote ni mazima, na jipu la jino linaweza kumwanzishia maumivu ya mwili mzima, hivyo amweleze mhudumu hali yake kabla ya kitu kingine chochote.

Ni dalili zipi zinazotaka hospitali siku hiyohiyo?

Uvimbe unaopanda kuelekea jicho au kushuka chini ya taya na shingoni. Kinywa kushindwa kufunguka. Ulimi kuinuliwa na uvimbe ulio chini yake. Kushindwa kumeza hata mate. Homa kali yenye kutetemeka. Na zaidi ya yote, kupumua kwa shida. Maambukizi ya jino yanaweza kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Mvuvi aliye kisiwani akiona mojawapo ya hizi asisubiri kivuko cha kesho kama kuna chombo salama cha kumvusha leo. Aidha, mtu mwenye umri mkubwa ambaye taya la chini linamuuma pamoja na kifua kubana na jasho kutoka awahishwe hospitali, kwa kuwa maumivu hayo yanaweza kuwa ya moyo.

Maumivu yamekoma yenyewe baada ya wiki mbili. Nimepona?

Pengine kiini kimekufa, na kilichokufa hakiumi. Bakteria hushuka kwenye ncha ya mzizi na kutengeneza jipu kwenye mfupa, na baada ya wiki au miezi jino huanza kuuma ukiligonga au ukitafuna, au kijipele chenye usaha hutokea kwenye ufizi. Kipindi hiki cha ukimya ndicho kinachopoteza meno mengi kuliko kipindi cha maumivu, kwa kuwa mtu huona karafuu imemponya na fedha aliyoitenga huenda kwenye ada za shule.

Niende wapi, na je, ni lazima jino ling'olewe?

Si lazima. Tundu dogo huzibwa, na jino ambalo kiini chake kimeathirika linaweza kutibiwa mzizi na kubaki kinywani miaka mingi. Wengi hung'olewa kwa sababu hufika wakiwa wamechelewa, au kwa sababu hawaulizi. Uliza: "Linaweza kuzibwa?" Ni haki yako kupewa jibu na gharama ya kila njia kabla ya sindano ya ganzi.

Zahanati nyingi hazina huduma ya meno, hivyo anza na kituo cha afya chenye tabibu wa meno au hospitali ya wilaya. Jijini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure na, kwa matatizo makubwa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kwa wanaotoka Sengerema na Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 limeondoa saa za kungoja kivuko, na safari ya kutibiwa jino sasa inaweza kwisha ndani ya siku moja. Wakazi wa Ukerewe waanzie Nansio.

Jino limeng'olewa. Naweza kutumia maji ya chumvi na karafuu kwenye pengo?

Uma pamba uliyopewa kwa nusu saa au zaidi kidogo, na usisukutue kabisa kwa saa 24 za kwanza, kwa kuwa damu iliyoganda kwenye pengo ndiyo kifuniko cha mfupa. Usivute sigara, usinywe pombe, usifyonze kwa mrija, wala usiguseguse pengo kwa ulimi. Baada ya saa 24 anza maji ya chumvi, taratibu, bila kuyasukuma kwa nguvu mashavuni, kila baada ya mlo kwa takriban wiki moja. Karafuu, kitunguu saumu na majani visiwekwe ndani ya pengo. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakianza kuzidi siku ya tatu, yakapanda sikioni na kinywa kikatoa harufu mbaya, inawezekana damu iliyoganda imetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi kwa aliyekung'oa akausafishe na kuuwekea dawa.